BUNDUKI NA MAJINA YAKE: GUMEGUME, GOBORE NA RAIFO

Lengo la makala haya ni kuyachunguza baadhi ya majina yanayotumiwa katika Kiswahili kuitaja bunduki, aina zake na viungo vyake, na kuona ni yapi yanafaa kusanifishwa na yapi yanahitaji kuwekewa mipaka. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini karatasi na wino vitumike juu ya chombo ambacho raia wengi hawakigusi maishani mwao. Jibu ni kwamba chombo hiki, kuliko vingi vinginevyo, huandikwa. Kila bunduki iliyo halali ina leseni, na kila isiyo halali, ikikamatwa, huzaa hati ya mashtaka. Na tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maandishi hayo hayana budi kueleweka kwa Kiswahili bila kuegemea lugha nyingine. Neno likiteleza katika hadithi, msomaji hulisahihisha mwenyewe kichwani. Likiteleza katika hati ya mashtaka, mtu anaweza kulala rumande kwa ajili yake.

Tuanze na jina lenyewe. Bunduki ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa ndogo ya mviringo, na Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, waliokuwa wakiiita kokwa hiyo kwa jina la nchi ya Ponto iliyo pwani ya Bahari Nyeusi. Kokwa ikawa jina la kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde. Kidonge kikawa risasi. Na hatimaye kile kinachorusha kikabeba jina la kile kinachorushwa. Wapo wataalamu wanaolihusisha neno hili na mji wa Venice, ambao kwa Kiarabu huitwa al-Bunduqiyya, na yamkini njia zote mbili zilikutana. Risasi, kwa upande wake, ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu chochote kinachoua. Mwanafunzi wa kemia analijua kwa maana hiyo hadi leo. Baruti nayo ni ya Kiarabu na Kiajemi, na imeenea tangu Uturuki hadi India kwa sura zinazofanana.

Neno moja katika ukoo huu halikutoka nje. Mzinga, kabla ya kuwa bunduki kubwa ya ngomeni, ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Aliyeliona bomba la chuma la Wareno au la Waarabu kwa mara ya kwanza hakuhitaji kamati ya istilahi: aliona gogo lenye uwazi ndani na kitu kikali kinachotoka mdomoni mwake, akaliita kwa jina la kile anachokijua. Leo tunapopiga mizinga 21 kwa heshima ya mgeni wa Taifa, na tunapoutaja ufuko wa Mizingani kule Unguja, tunatumia neno la mrina asali. Huu ndio uundaji bora wa istilahi ninaoujua, nami hurejea kwake kila ninapoletewa orodha ya maneno mapya yaliyotafsiriwa silabi kwa silabi.

Wazee wa pwani hawakuridhika na jina moja la jumla. Waliitofautisha bunduki kwa namna inavyowashwa, jambo ambalo ndilo hasa lililobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Ya kale ilikuwa bunduki ya gumegume, yaani ile ambayo jiwe la gumegume hupiga chuma, cheche ikaangukia baruti. Ikafuata bunduki ya fataki, ambayo badala ya jiwe ina kikofia kidogo chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Hizi zote mbili hushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za kumbi, kisha risasi, na yote hayo husukumwa kwa mdeki, ule ufito mrefu unaochomekwa chini ya mtutu. Mwisho ikaja bunduki ya viasi, inayofunguliwa kwa nyuma. Neno hili kiasi linastahili kutazamwa. Mpigaji wa gumegume alijipimia baruti mwenyewe, na akikosea kipimo mtutu ungeweza kumpasukia usoni. Kiasi ni baruti na risasi zilizokwisha kupimwa kiwandani na kufungwa pamoja katika ganda moja. Jina lilitaja manufaa yenyewe ya chombo kipya. Kutia kiasi hicho tayari kwa kupiga kuliitwa kushamiri. Wasomaji wa leo wanalijua neno hili kwa biashara iliyoshamiri au uhalifu uliokithiri na kushamiri. Mwenye bunduki amesahaulika kabisa.

Maneno haya yalipanda mlima pamoja na misafara. Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pembe. Katika miaka ya 1870 na 1880, Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliifanya himaya yake kuwa kituo cha misafara hiyo, na yeye mwenyewe alizungumza Kiswahili. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Kiswahili cha bunduki kililetwa mlimani na Serikali za kikoloni. Kililetwa na biashara, na bunduki ilikuwa mojawapo ya bidhaa zake kuu. Katika miaka ya 1880 ziliingia Unguja kwa maelfu kila mwaka, nyingi zikiwa ni za kale zilizokuwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yakijipatia silaha mpya.

Wingi huo ndio uliozaa sheria ya kwanza kubwa iliyotegemea tofauti ya majina tunayoyazungumzia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia uingizaji wa silaha katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, lakini ukaacha mlango mdogo: kwa masharti maalumu, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa. Maana yake ni kwamba mtawala aliruhusu mikononi mwa mtawaliwa chombo ambacho yeye mwenyewe alikwisha kukitupa. Wakati huohuo mlimani mambo yalikuwa yakichemka. Mnamo Februari 1891 von Wissmann aliivamia ngome ya Mangi Sina huko Kibosho. Juni 1892 Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani na kiongozi wao von Bülow akauawa. Agosti 1893 von Schele alirudi na nguvu kubwa zaidi, Moshi ikashindwa. Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Anayesoma habari hizi katika vitabu vya Kiswahili hukutana na "bunduki" upande huu na "bunduki" upande ule, na kwa neno hilo moja haoni ni nini kilichoamua vita. Mwalimu wa historia anayezijua bunduki ya gumegume na bunduki ya viasi anaweza kueleza kwa maneno 6 jambo ambalo vinginevyo lingehitaji ukurasa mzima.

Hata ndani ya jeshi la Wajerumani tofauti hizo zilikuwa na uzito wake. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wao bado yalikuwa na Mauser ya mwaka 1871, yenye kiasi kimoja tu kwa wakati na baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa moshi mzito mweupe, hata adui akajua mara moja alipo mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani walinyakua mamia ya bunduki za kisasa na risasi zaidi ya laki 5 zilizoachwa na jeshi la Waingereza. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Moshi tangu mwaka 1911, na mji huo ukawa kituo kikuu cha vita mpaka ulipotekwa na jeshi la Smuts Machi 1916. Kutoka vita hivyo Kiswahili kilibaki na bombomu, bunduki ya mfululizo iliyopewa jina kwa mlio wake, na keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ambaye jina lake ni herufi 3 za Kiingereza zilizotamkwa kwa pamoja. Yote mawili sasa yamo katika kamusi zaidi kuliko vinywani.

Sasa nije kwenye mfano ulionisukuma kuandika. Katika ukoo wetu, huko Kibosho, kuna bunduki ambayo babu aliinunua kwa mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya mlima. Leseni yake ya kwanza ni ya mwaka 1956, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Babu aliitumia dhidi ya nguruwe mwitu na nyani walioshuka kutoka msituni, na mara chache dhidi ya tembo, si kwa kuwaua bali kwa kuwatisha wasiingie vihambani. Alipofariki, kikao cha ukoo kiliorodhesha mali zake kwa Kiswahili safi kabisa: kihamba, ng'ombe, mapipa ya kuhifadhia mbege, na "gobore moja bovu". Miaka ikapita. Baba yangu mdogo, aliyekabidhiwa jukumu la mirathi, alipotaka kuihalalisha, zikawa mbele ya ofisa karatasi 2 zinazosema mambo 2: leseni ya zamani inataja raifo yenye namba, muhtasari wa ukoo unataja gobore. Ofisa aliuliza swali la haki kabisa: je, hizi ni bunduki 2? Na kama ni 2, ile ya pili iko wapi?

Ikumbukwe kwamba bunduki hairithiwi kama jembe. Mwenye leseni anapofariki, silaha hupaswa kupitia mikononi mwa Polisi, na anayetaka kuimiliki hana budi kuomba yeye mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inalichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2022 Serikali ilipotoa msamaha kwa watakaosalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria, neno gobore lilikuwa katika kila taarifa. Kwa hiyo katibu wa kikao chetu cha ukoo, aliyeandika gobore kwa maana ya "bunduki kuukuu", alikuwa bila kujua ameitia familia katika kundi la watu wenye silaha ya kuulizwa.

Je, gobore ni nini? Kamusi hazina ubishi mkubwa: ni bunduki ya kushindilia kwa mdomo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inayo maneno gobori na korofindo kwa maana hiyo. Lakini katika matumizi ya leo neno limetanuka pande 2. Upande mmoja limekuwa jina la bunduki zinazotengenezwa vijijini na wahunzi, kwa bomba la chuma na kipande cha mti. Upande wa pili limekuwa tusi la upole kwa silaha yoyote iliyochakaa. Maana ya kwanza ni mwendelezo wa haki wa maana ya asili, kwa sababu bunduki hizo za kienyeji nazo hushindiliwa kwa mdomo. Maana ya pili haifai katika maandishi rasmi. Uzee si aina. Raifo iliyokaa miaka 60 darini ni raifo, kama vile mzee hageuki kuwa mtu wa kabila jingine kwa kuwa na mvi.

Na raifo ni nini? Jina hili bado halijatulia katika tahajia. Magazetini hukutana na raifo, raifu, raifoli, na mara nyingi neno la Kiingereza lenyewe bila kuguswa. Ninapendekeza raifo, kwa sababu tu ndiyo inayosikika zaidi, na kanuni yetu ya tangu zamani ni kutokushindana na vinywa vya watu pale ambapo havijakosea. Lakini jina halitoshi bila fasili. Raifo ni bunduki ambayo ndani ya mtutu wake imechongwa mifuo inayozunguka kama uzi wa skrubu. Risasi inapopita huikamata mifuo hiyo, ikatoka inazunguka kama pia, na kama pia inavyosimama wima kwa kuzunguka, ndivyo risasi nayo inavyoshika njia yake bila kupinduka angani. Gobore halina mifuo. Ndani ni laini, na risasi yake ya mviringo hupotea njia mapema. Shotigani nayo ni laini ndani, lakini hufunguliwa nyuma na hupiga marisau, yaani punje nyingi ndogo kwa pamoja. Ukitaka kujua una nini mkononi, basi, usitazame umri wala kutu. Bunduki ikiwa tupu na imekwisha kukaguliwa, tazama ndani ya mtutu.

Hivyo ndivyo alivyofanya fundi mwenye leseni tuliyepelekwa kwake mjini Moshi, baada ya kibali kupatikana. Nilikwenda na baba mdogo, yeye kwa ajili ya bunduki, mimi kwa ajili ya maneno, nikiwa na daftari. Fundi alianza kwa kuchomoa komeo. Neno ni lake, si langu: ile nondo inayokwenda mbele na nyuma, ikaifunga risasi ndani na kuipiga kwa msumari ulio katikati yake, yeye aliiita komeo, na aliponiona nikiandika kwa haraka akacheka. Askari wengi husema bolti, na kitendo cha kuivuta husema kukoki. Sina ugomvi na kukoki, ambalo limekwisha kunyambulika vizuri: bunduki imekokiwa, haikokiki. Lakini komeo linaonyesha kazi yenyewe. Kila mtu aliyefunga mlango kwa kusukuma gogo la mti ndani ya tundu lake anaielewa raifo ya babu kabla hajaiona.

"Mzee, hili halijafa," fundi alimwambia baba mdogo, "limelewa mafuta tu." Babu alikuwa akiipaka bunduki mafuta ya mbarika, yaliyo mazuri yakiwa mabichi, lakini yakikaa miaka huganda yakawa kama gundi. Komeo lilikuwa limeshikwa na gundi hiyo pamoja na masizi, maana bunduki ilihifadhiwa juu ya jiko. Likalowekwa katika mafuta ya taa usiku kucha. Mtutu ukasuguliwa ndani kwa burashi ya shaba iliyofungwa kwenye ufito mrefu, ambao fundi, kijana wa mjini, aliuita ufito tu. Nilipomtajia mdeki alitaka kujua ni Kiswahili cha wapi. Kutu ya nje iliondolewa kwa stilwaya laini na mafuta, polepole, na hapa fundi alisisitiza jambo ambalo lina uzito kwetu sisi wa maandishi: mahali palipogongwa namba hapasuguliwi kabisa. Namba hiyo ndiyo jina la bunduki. Ikifutika, hata kwa nia njema ya kung'arisha, chombo kinakuwa hakina mwenyewe, na mwenye nacho anakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Kitako kilikuwa kimepasuka. Kikaungwa kwa kipande cha mninga na kupakwa mafuta ya kitani. Kipande hicho kinaonekana wazi na hakikufichwa.

Orodha niliyotoka nayo haikuwa ndefu, na sehemu kubwa ya maneno yake yanafaa kama yalivyo: mdomo, mtutu, kitako, komeo, chemba, mkanda. Kwa kile kinachovutwa kwa kidole nilisikia kifyatulio na kifyatuo, na yote mawili yametokana na fyatua, neno la mitego na la pinde, ambalo limeingia katika bunduki bila kubadili hata herufi moja. Mtego hufyatuka, upinde hufyatuka, bunduki hufyatuka. Napendelea kifyatulio, kwa kuwa kiambishi cha kutendea kinaonyesha kwamba ni chombo cha kufyatulia na si kitu kilichofyatuliwa. Vile vyuma 2 vidogo vya kulengea, kimoja karibu na mdomo na kingine karibu na jicho, fundi aliviita "shabaha ya mbele" na "shabaha ya nyuma". Hapo nasita. Shabaha ni kile unachokilenga, hakiwezi pia kuwa kile unacholengea. Ninapendekeza kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma. Wazee waliwahi kutumia nishani kwa shabaha, lakini nishani sasa imepanda kifuani mwa mashujaa na hatuwezi kuishusha.

Limebaki neno kasiba. Kamusi za zamani hulitoa kama jina la mtutu, na vijana wengi hawajapata kulisikia. Asili yake ni qasaba ya Kiarabu, yaani unyasi wenye uwazi ndani, utete au mwanzi. Nilipokutana nalo chuoni halikuwa geni kwangu kwa maana, ingawa lilikuwa geni kwa sauti, kwa sababu bunduki yangu ya kwanza ilikuwa kasiba halisi. Watoto wa mlimani tulikuwa na bunduki za aina 2. Ya wadogo ilitengenezwa kwa uti wa jani la mgomba: unauchanja vipande 5 au 6 mgongoni bila kuvikata kabisa, unavisimamisha, kisha unapitisha kiganja kwa nguvu, vikaanguka mfululizo kwa mlio wa pa-pa-pa. Ile, kwa kuitazama sasa, ilikuwa bombomu. Ya wakubwa ilikuwa kipande cha mwanzi mwembamba chenye urefu wa shubiri moja na nusu na kijiti cha kukiingia barabara. Ulitafuna karatasi ya daftari mpaka ikawa donge, ukalisukuma hadi mwisho wa mwanzi, ukatia donge la pili, ukasukuma kwa ghafla; upepo uliobanwa katikati ulilirusha lile la kwanza kwa kishindo. Yangu nilichongewa na babu huyohuyo, siku chache baada ya kunikuta nikiigusa ile ya juu ya jiko. Hakunichapa. Alinipa mwanzi, akanionyesha namna ya kushindilia, akasema ya chuma ni ya mtu anayejua kuhesabu anachokiharibu. Mtutu ulikuwa mwanzi, mdeki ulikuwa kijiti, kiasi kilikuwa ukurasa wa hesabu.

Kwa hiyo pendekezo langu juu ya kasiba ni la mtu aliyeishika. Tusiliache life, wala tusilipe kazi ambayo mtutu unaifanya tayari. Mtutu uwe bomba zima la chuma kama linavyoonekana kwa nje. Kasiba iwe ule uwazi wa ndani ambamo risasi hupita. Tofauti hii si ya anasa. Kipenyo cha silaha, ambacho sheria na wataalamu wa uchunguzi hukitaja kila mara, ni kipenyo cha kasiba, si cha mtutu. Mifuo nayo imo katika kasiba. Mtafsiri akiandika "mtutu wa milimita 9" amesema jambo ambalo mwenye rula anaweza kulikanusha mahakamani.

Nimeliacha risasi mwisho kwa sababu ndilo lenye matatizo zaidi. Kwa neno hili moja tunataja madini. Kile kipande kinachoruka na kumpata mtu. Kile kitu kizima kilicho bado hakijapigwa. Na wakati mwingine hata lile ganda tupu linaloachwa chini. Hati inayosema kwamba mshtakiwa "alikutwa na risasi 5" inaweza kumaanisha risasi 5 kamili zilizo tayari kutumika, au maganda 5 aliyoyaokota mtoto kando ya uwanja wa shabaha. Kati ya mambo hayo 2 kuna umbali mkubwa kwa mtu anayesimama kizimbani. Kurudisha neno kiasi kungependeza sikio la mwanahistoria, lakini karani gani leo ataandika "alikutwa na viasi 5" na wasomaji wasidhani kuwa kuna neno limesahaulika mbele yake? Ni bora kuikubali risasi kwa maana ambayo watu wameipa, yaani kitu kizima kisichopigwa, kisha tuzitenge sehemu zake: kichwa cha risasi, ganda la risasi, fataki, baruti. Anayepigwa ataendelea kupigwa risasi, na hakuna tabibu atakayekosea kumwelewa. Lakini katika ripoti ya uchunguzi kilichotolewa mwilini kiandikwe kichwa cha risasi, na kilichookotwa sakafuni kiandikwe ganda. Punje za shotigani ziwe marisau, neno ambalo lipo, ni zuri, na limekuwa likilala bure.

Tatizo la silaha ni dogo kidogo. Kwa Kiswahili cha kawaida panga, mkuki na rungu ni silaha, wala hakuna sheria itakayoweza kuwashawishi watu vinginevyo. Jina la sheria yenyewe linaposema "silaha", fasili zake ndani ndizo zinazobana maana. Nje ya sheria hiyo, Polisi na waandishi wa habari wamezoea kusema silaha ya moto. Silipendi sana neno hili, maana chupa ya petroli iliyowashwa ni silaha yenye moto wa kweli na haimo. Hata hivyo limeenea, halina mpinzani aliye tayari, na lina faida ya kuzijumlisha bunduki na bastola bila kuzifanya kitu kimoja. Lipite, lakini litumike palepale panapohitajika kuzitenga na mapanga.

Kwa upande wa mirathi tuliyoitaja, fundi aliandika maelezo ya nusu ukurasa: raifo, komeo la mkono, risasi 5, mifuo ya kasiba imechakaa lakini inaonekana, namba kama ilivyo katika leseni ya mwaka 1956. Ukoo ukaitisha kikao kifupi na kusahihisha muhtasari wake. Neno "bovu" nalo liliondolewa, kwa ombi la baba mdogo.

Jambo moja bado halina jina ninaloweza kulitetea. Ni kile kidude kidogo nyuma ya komeo kinachogeuzwa ili bunduki isiweze kufyatuka hata ikiwa imeshamiriwa. Nimekusanya kizuio, kufuli na sefti. La kwanza ni pana mno, la pili lina kazi nyingine, la tatu halielezi kitu kwa asiyejua asili yake. Yawezekana kwamba mahali ambapo magobore yalitengenezwa na kutumiwa kwa wingi, kama vile Unyamwezini na kusini, wahunzi na wawindaji wana neno lao ambalo halijaandikwa popote. Wasomaji walio katika sehemu hizo, hasa walimu na makarani wa mahakama za mwanzo, wanaombwa kutuandikia neno wanalolisikia, mahali linapotumika, na sentensi moja kamili iliyolibeba.